Usisome kilele kabla ya kujua kiyeyushi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara hapa Arusha, siku ya kwanza ombeni punje mbili za iodini. Moja itieni kwenye heksani, nyingine kwenye ethanoli. Heksani itageuka zambarau, ethanoli itakuwa ya kahawia, na iodini ni ileile. Mimi kabla ya kuyaona hayo kwa macho yangu nilidhani kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia, ni cha kubebea sampuli tu.

Dhana hiyo ilinila wiki nzima. Nilikuwa nimeloweka majani ya mlonge kwenye asetoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo mezani, nikitafuta kwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaomezwa na sampuli, kilele (urefu wa wimbi unaomezwa zaidi) karibu na nanomita 270. Nikapata mistari inayoruka juu na chini kama meno ya msumeno. Nikaosha kyuveti, kichupa cha kuwekea sampuli ndani ya mashine. Umeme ukakatika, ukarudi, nikangoja taa ipate moto, nikapima tena: meno yaleyale. Mashine ilikuwa nzima. Asetoni yenyewe humeza mwanga chini ya nanomita 330 hivi, na kutoa blanki (kipimo cha kiyeyushi kitupu) hakusaidii pale ambapo hakuna mwanga uliofika upande wa pili. Klorofomu hufunga njia karibu na 245, ethanoli karibu na 210. Maji na asetonitrili hukuruhusu ushuke hadi karibu na 190. Namba hizi zibandikeni ukutani.

Hata kiyeyushi kinachopitisha mwanga vizuri husogeza kilele. Chukua asetoni hiyohiyo, safari hii iwe ndiyo sampuli: ndani ya heksani kilele chake kiko karibu na 279, ndani ya maji kinashuka karibu na 265. Maji hujishikiza kwenye elektroni za oksijeni zisizo na bondi na kuzituliza. Kuzipandisha ngazi ya juu sasa kunadai nishati zaidi, yaani mawimbi mafupi zaidi. Kwenye molekuli zenye misururu ya bondi mbilimbili mara nyingi mambo huwa kinyume, kilele huelekea mawimbi marefu.

Ndiyo maana moyo hunidunda nikiona mtu amepima klorofili ya majani ya kahawa ya Moshi ndani ya methanoli, kisha anaingiza namba zake kwenye fomula ya kukokotoa klorofili iliyotengenezwa kwa asetoni ya asilimia 80. Fomula ile ina kiyeyushi chake.

Daftarini, kila urefu wa wimbi uandikiwe kiyeyushi pembeni, na kiasi cha maji kama ni mchanganyiko. Kyuveti za plastiki msizitilie asetoni, zitaingia ukungu na kulainika. Chini ya nanomita 300 ombeni za kwatzi, mzishike kwenye pande zenye chengachenga, si zile angavu mwanga unakopita.