Unaanza kuandika utoto wako wa kijijini? Pitia kwanza Ayalandi

Miswada mingi ya kumbukumbu za utotoni ninayoletewa niisome huanza vilevile: maisha yalikuwa magumu, lakini tulipendana. Sawa, nimekuamini. Ila bado sijaona kitu. Sijui mlipikia nini, nani alikuwa akiamka wa kwanza, wala jirani aliitwaje kwa utani. Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, nakuelekeza kwa watu wa Ayalandi, ambao utoto wa shambani wameuandika kwa miaka mingi na kwa ufundi.

Mtazame Alice Taylor. Alizaliwa 1938, akakulia shambani karibu na Newmarket, kaunti ya Cork, na ukubwani akaendesha duka na posta kijijini Innishannon. Mwaka 1988 Brandon, wachapishaji wadogo wa mji wa Dingle, walimtolea kitabu cha utoto wake, To School Through the Fields. Hamna vita wala kashfa humo. Kuna watoto wanaokatiza mashamba kwenda shule, kuna mifugo, kuna majirani. Kiliuzwa mno.

Siri yake, kwa maoni yangu, ni kazi. Mtoto wa kijijini hukumbuka kwa mikono. Ukitaka kumweleza msomaji baridi ya Ayalandi, mweleze moto wake ulivyopatikana: udongo mweusi wa kinamasi, ambao ukikauka huwaka kama kuni, unakatwa vipande kwa sepetu nyembamba iitwayo sleán, unatandazwa, kisha watoto wanainama siku nzima kuvisimamisha vipande hivyo, kimoja kikiegemea kingine, ili upepo upite katikati vikauke. Mgongo unauma. Baadaye, majira ya baridi, mtoto anabeba kipande kwapani kwenda kuwasha moto darasani. Hapo huhitaji tena kuandika neno “umaskini”. Wewe nawe una kazi yako ya utotoni. Iandike hatua kwa hatua kabla hujagusa hisia.

Usiseme maisha yenu hayana la kusomwa. Tomás Ó Criomhthain, mvuvi wa kisiwa cha Great Blasket, alisitasita vivyo hivyo mpaka rafiki yake Brian Ó Ceallaigh alipomsomea maandishi ya Gorky, mwandishi wa Urusi, aone kwamba watu wa kawaida nao huingia vitabuni. Kitabu chake kikatoka 1929. Peig Sayers wa kisiwa hichohicho alisimulia tu. Mwanawe ndiye aliyeshika kalamu, na kitabu kikatoka 1936. Basi kama bibi yako hajui kuandika, washa kinasa sauti cha simu. Lakini usimuulize “zamani palikuwaje?” Atakujibu “palikuwa pazuri, mjukuu wangu,” na mazungumzo yameishia hapo. Muulize nani alilala karibu na mlango. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 nchini Ayalandi walitumwa kuwauliza wazee wao habari za dawa, michezo, mazimwi na visima, na daftari zao zimehifadhiwa hadi leo.

Majina yachunge. Patrick Kavanagh, mtoto wa mkulima wa Monaghan, alitoa kumbukumbu zake 1938. Akatia humo mzaha mmoja kumhusu mshairi Oliver Gogarty, kwamba yeye Kavanagh alipobisha hodi kwa Gogarty alimdhania mtumishi aliyemfungulia mlango kuwa mke au hawara wa Gogarty. Gogarty akashtaki, akalipwa pauni 100, na kitabu kikaondolewa sokoni. Kwa sentensi tu! Shangazi yako pengine hatakwenda mahakamani, lakini msomee ukurasa wake kabla haujachapwa.

Kitabu kikishatoka, usitangaze jalada na bei pekee. Toa kumbukumbu moja fupi inayojitosheleza, halafu chini yake taja tarehe na mahali kinapopatikana. Watu watakujibu kwa kumbukumbu zao wenyewe. Wajibu, na mwenye jambo zito muombe ruhusa uliweke kwenye daftari la kitabu kijacho.