Barua kwa mwanangu: kabla hujauza hatifungani yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku nyumbani Busia, Uganda. Sisi ni wazima, baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Umesikia kwenye habari kwamba uchumi unakua na riba huenda ikapanda, sasa unauliza kama uuze hatifungani yako, yaani ile pesa uliyoikopesha serikali kwa riba, ununue hisa, na katika takwimu zote hizo uangalie ipi.

Anza na mfumuko wa bei. Takwimu za Pato la Taifa hutoka miezi ikiwa imeshapita, lakini mfumuko unagusa faida yako moja kwa moja. Tuseme hatifungani yako inalipa asilimia 15. Ikiwa ni ya muda usiofika miaka 10, kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, inachukua asilimia 20 ya riba hiyo, unabaki na 12. Bei zikipanda kwa 4, faida yako halisi ni kama 8 tu. Mwaka 2011 mfumuko ulifika asilimia 30. Aliyefunga pesa kwa riba ya 15 alilipwa yote aliyoahidiwa, na bado zikanunua vitu vichache kuliko mwanzo. Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi 23 mwaka huohuo, na mikopo ikawa haishikiki.

Ofisi ya Takwimu ikitangaza bei kila mwezi, usiishie kwenye kichwa cha habari. Mvua ikinyesha vizuri, muuzaji wa matoke hapa sokoni anakuita mwenyewe na bei anashusha kabla hujafungua mdomo. Ukame ukija, mkungu uleule haushikiki. Riba haileti mvua. Ndiyo maana Benki Kuu hutazama mfumuko wa msingi, usiohesabu mazao ya chakula, mafuta ya magari wala umeme, na lengo lake ni asilimia 5. Ukiona huo wa msingi unapanda mwezi baada ya mwezi, hapo tegemea riba kupanda. Dola nayo iangalie, maana shilingi ikidhoofika mafuta yanapanda na bei za dukani zinafuata.

Riba zikipanda, hatifungani za zamani hushuka bei. Nani atalipa bei kamili kwa yako ya 15 wakati kwenye mnada wa hatifungani mpya anapata 17? Hapo wengi huingiwa na hofu wakauza. Lakini ukiishika mpaka iive, yaani muda wake uishe, serikali inakurudishia kiasi kamili kilichoandikwa. Hasara ya bei humpata anayeuza mapema.

Hisa sizikatai. Ila uchumi unaweza kukua na kampuni uliyonunua isitoe gawio, kwa hiyo soma hesabu za kampuni yenyewe.

Kuna jambo hukuliandika, mwanangu: pesa hiyo unaihitaji lini? Kama ni ada ya mwakani na hatifungani inaiva baada ya miaka 3, tukae tuangalie bei yake ya leo kwa dalali. Kama huna haraka nayo, iache iive. Nipigie Jumapili tuongee.

Mama yako