Alfa nzuri haitoshi: kuhakiki dodoso la RFQ-8 kwa Kiarabu

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia hapa Muscat. Nimetafsiri kwa Kiarabu RFQ-8, dodoso la maswali manane linalopima uwezo wa mtu kuelewa yaliyomo akilini mwake na mwa wenzake. Watu wazima wamelijaza, na alfa ya Cronbach imetoka 0.79. Msimamizi wangu anasema bado sijaonyesha kwamba dodoso ni halali. Nimepungukiwa na nini?

Jibu: Waalaykum salaam. Msimamizi wako yuko sahihi, na afadhali amekuambia mapema. Alfa inaonyesha tu kwamba maswali yanakwenda pamoja. Haisemi yanapima nini.

Kwa RFQ-8 jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya namna linavyosahihishwa. Peter Fonagy na wenzake walilichapisha 2016 likiwa na alama mbili, ya uhakika na ya kutokuwa na uhakika. Chukua swali la pili, linalosema kwamba mtu hajui kila mara kwa nini anafanya anayoyafanya. Anayejibu 1, yaani anapinga kabisa, anapewa 3 upande wa uhakika na 0 upande wa pili. Anayejibu 7 hupewa kinyume chake. Anayejibu 4 anaambulia sifuri kote kote. Maswali manne yanahesabiwa hivyo, mara mbili mbili. Ukiziingiza alama hizo zilizogeuzwa kwenye uchanganuzi wa vipengele, yaani hesabu inayotafuta maswali yanajikusanya katika makundi mangapi, sehemu ya utengano utakaouona itakuwa imetokana na hesabu yenyewe, si na watu waliojibu.

Kwa hiyo anza na majibu ghafi, 1 hadi 7. Linganisha modeli ya kipengele kimoja na ya viwili, kisha toa omega, kipimo kingine cha maswali kwenda pamoja, pamoja na alfa. Tafiti kadhaa za lugha nyingine zimekuta kipengele kimoja kinatosha. Ukikipata hichohicho kwa Kiarabu, kiripoti bila woga. Ni matokeo ya maana.

Halafu yasome tena maswali yenyewe, taratibu. Ni la kwanza tu linalogusa mawazo ya watu wengine. Mawili yanahusu maneno yanayomtoka mtu akiwa na hasira. Je, unapima kuelewa akili, au unapima ghadhabu na papara? Hili ndilo ningetaka tasnifu yako ilijibu kuliko yote. Wape washiriki pia TAS-20, kipimo cha ugumu wa kutambua na kueleza hisia ambacho tayari kina toleo la Kiarabu, na kipimo kimoja cha papara. RFQ-8 ikifungamana na papara kuliko na TAS-20, jina la dodoso lisikudanganye. Kama unachotaka hasa ni kuelewa wengine, fikiria MentS, dodoso jingine la kuelewa akili, la 2018, lenye maswali 28, ambalo lina sehemu yake peke yake kwa hilo.

Kuhusu lugha, keti na watu wachache wa elimu tofauti, wasome kila swali kwa sauti, wakueleze kwa Kiarabu cha nyumbani wamelielewaje. Kabla ya kulinganisha wanaume na wanawake, pima kama muundo ni uleule kwao. CFI, namba inayoonyesha modeli inavyoafikiana na majibu, isishuke zaidi ya 0.010 kila unapokaza modeli, yaani unapoilazimisha iwe sawa zaidi kwa makundi yote mawili.

Majibu ghafi uliyonayo yanakutosha kwa uchanganuzi wa vipengele, hivyo usiyatupe. Hivyo vipimo vya kulinganishia ndivyo vitakavyohitaji kundi jipya la washiriki.