Taswira haitokei kwenye karatasi: sogeza mshumaa, usibadili lenzi

Ndugu uliyeuliza kwa nini taswira ya mshumaa haitokei kwenye karatasi, lenzi yako mbinuko (iliyo nene katikati) ni nzima. Umesema urefu wake wa fokasi (umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale inapokutanisha miale sambamba) ni sm 15 na mshumaa umeuweka sm 10 kutoka kwenye lenzi. Hapo upo ndani ya fokasi: miale hutoka ikiwa bado inatawanyika, kwa hiyo hakuna mahali inapokutana. Karatasi uipeleke utakako, utapata weupe tu.

Rudisha mshumaa hadi sm 20, karatasi iwe sm 60 upande wa pili. Mwali wa moto wa mshumaa utaonekana kichwa chini, mkubwa mara 3. Kwa mshumaa sm 30 na karatasi sm 30, ukubwa unalingana. Pima kuanzia katikati ya lenzi, na mwali uwe kimo kimoja nayo; wengi hukosea hapo. Chumba kiwe na giza.

Lenzi mbonyeo uliyoulizia haitakusaidia. Nuru hupinda kuelekea sehemu nene ya kioo, na mbonyeo ni nene pembeni, hivyo huitawanya miale zaidi. Ukitaka kupima fokasi yake, ibananishe na mbinuko yenye nguvu zaidi, yaani yenye fokasi fupi kuliko yake. Mfano: mbinuko ya sm 10 ikiunganishwa nayo na jozi ikawa na fokasi ya sm 20, basi mbonyeo ni ya sm 20.

Tafadhali sana, usitazame jua kupitia lenzi, hata kwa nukta moja. Ukishatazama na doa likabaki machoni, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.