Bei inayoombwa si bei: kwa wageni wa sarafu kuukuu Mombasa

Vijana, tunawapenda, lakini mnachosha. Kosa ni lile lile: mtu kashika rupia ya Mombasa ya 1888, kafungua eBay, kakuta mwenzake huko Uingereza ameitangaza kwa dola 600, na kabla ya magharibi kashamwambia mwenye duka wa Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, kuwa hashuki hata senti. Tangazo lenyewe limekaa miezi na miezi, hakuna aliyeligusa.

1. Jua ulichoshika kabla ya kutafuta bei. Mizani inayosoma desimali mbili na lenzi ya mara kumi zinatosha. Rupia ya 1888 ina gramu 11.66, riyali ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, 28.07. Ikikosa nusu gramu, shuku kwanza, furahi baadaye. Kisha isome herufi ya kiwanda: H na KN ni za Birmingham, SA Pretoria, I Bombay. Mwaka mmoja wenye herufi mbili ni sarafu mbili tofauti sokoni.

2. Angalia kilichouzwa, si kinachouzwa. Hapa ndipo mnapoumia, kwa hiyo tukae kidogo. Kwenye eBay washa kichujio cha "Sold items", yaani vilivyouzwa. Kile cha "Completed items", yaani matangazo yaliyokwisha, peke yake huchanganya na vile ambavyo havikupata mnunuzi. Matokeo yanarudi nyuma kama siku 90 tu, na sarafu za kwetu haziuzwi kila siku, hivyo utapata chache. Sasa mtego wenyewe: ukiona bei imekatwa mstari na imeandikwa kuwa ofa imekubaliwa, ile si bei iliyolipwa. Mwenye tangazo aliomba 300, pengine akachukua 140, na ukurasa wa kawaida hauonyeshi. Wageni huinakili ile 300 kwenye daftari, wananunua mzigo kwa msingi huo, kisha wanashangaa mbona hausogei. Mwenye akaunti ya muuzaji aingie Terapeak, zana ya eBay ya kuchunguza mauzo: kule bei ya ofa huonekana na kumbukumbu zinafika miaka mitatu. Asiye nayo aitupe nje ya hesabu kila bei iliyokatwa. Tazama pia picha: sarafu ile ile, kwaruzo lile lile, ikirudi mnadani wiki tatu baadaye, pengine aliyeshinda hakulipa. Mauzo hayo hayapo.

Ukibaki na, tuseme, dola 62, 70, 74, 81 na 190, chukua ya katikati, 74. Wastani utavutwa juu na ile 190, ambayo huenda imefungwa kwenye kasha la NGC, kampuni ya kuthibitisha na kupima hali ya sarafu, au ni watu wawili walioshikana mashati usiku wa manane. Nyumba za mnada kama Heritage huweka tozo ya mnunuzi ndani ya bei wanayotangaza. Muuzaji hakuipata yote.

3. Linganisha hali kwa macho. Maneno ya "safi kabisa" ni bure. Kwenye shilingi ya Afrika Mashariki tazama manyoya ya simba; yakiwa yamelala bapa, bei ya ile yenye manyoya yaliyosimama haikuhusu. Na ndimu, jamani, ndimu! Anayesugua fedha kwa ndimu na majivu ing'are amemtoa mnunuzi makini mlangoni mwenyewe.

4. Umri na umaarufu havilipi. Riyali ya Maria Theresa imeandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa karne ya 20. Nyingi hufuata bei ya fedha iliyomo, gramu 23.4 hivi. Senti 10 ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa, ilitolewa kwa wingi. Hadithi tamu, bei ndogo.

5. Za Wajerumani zitafute pia kwa "Deutsch-Ostafrika", jina lao la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

6. Ondoa gharama. Kwenye ile 74, ada ya soko tuseme asilimia 13, inabaki kama 64. Bado posta ya rejista, gharama ya kubadilisha dola, na hasara ya sarafu itakayopotea njiani. Ukinunua kwa zaidi ya dola 40 unamfanyia kazi mtu mwingine.

7. Kibali. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, vitabu na hati zikiwa kando, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 imo, pysa ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1299 Hijria imo. Bei ya mnunuzi wa London haina maana kwa sarafu usiyoweza kuituma. Makumbusho ya Taifa wako Fort Jesus; ulizeni pale kabla ya kupiga picha ya tangazo.