Dhokla ina lishe, lakini si kila dhokla
Kwa aliyeuliza kama dhokla, kitafunwa cha Kihindi, inamfaa mtu anayepunguza mafuta: inafaa, kwa kuwa hupikwa kwa mvuke wala haikaangwi, na mafuta yake ni yale machache tu ya kukaangia mbegu za haradali zinazomwagiwa juu. Dhokla ya asili ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, hutengenezwa kwa mchele na dengu vilivyolowekwa, vikasagwa na kuachwa vichachuke usiku kucha. Protini za nafaka na za kunde hukamilishana, na kule kuchachuka hupunguza fitati, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye nafaka na kunde, zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma. Khaman ya unga wa dengu, ambayo wengi huiita dhokla pia, mara nyingi huumuliwa haraka kwa magadi na kumiminiwa maji ya sukari, hivyo mwenye kisukari au shinikizo la damu aile kwa kiasi.