Rejeo la megahezi 10 la kujiundia nyumbani: anza na joto na umeme

Anayeanza kuunda kifaa cha kupima muda kwa usahihi mkubwa huuliza kwanza anunue osileta gani, yaani saketi inayotetemesha umeme kwa kasi isiyobadilika. Kwa uzoefu wangu, swali hilo linaweza kusubiri. Nimeona osileta ya kawaida, iliyong'olewa kwenye bodi za mitambo ya simu iliyostaafishwa, ikifanya kazi vizuri kuliko ile ya bei kubwa, kwa sababu tu mwenye nayo aliijali hewa inayoizunguka na umeme unaoilisha. Nitazungumzia kifaa kimoja ambacho wengi wetu huanzia: osileta ya fuwele ya kwatsi yenye tanuri (kijisanduku kinachoipasha fuwele joto), inayotoa megahezi 10 ambazo vifaa vingine huzitumia kama rejeo, yaani kipimo cha kujilinganisha nacho, na kurekebishwa polepole na mpigo wa kila sekunde kutoka kwenye kipokezi cha GPS.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kifaa hiki kina matumizi ya dhahiri. Setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa redio za ridhaa unaojulikana kama QO-100, na kwa kuwa inasimama karibu na nyuzi 26 mashariki, kwetu inaonekana juu sana angani. Mawimbi yake ya kushuka yako karibu na megahezi 10,490. Kwenye masafa ya juu namna hiyo, kosa la sehemu moja katika milioni ni zaidi ya kilohezi 10, ilhali sauti ya mtu mmoja inachukua chini ya kilohezi 3. LNB ya kawaida ya dishi (kile kichwa kinachopokea mawimbi na kuyashusha masafa), ikipigwa na jua la saa sita mchana, huhama kiasi cha kumpoteza kabisa mtu unayemsikiliza. Ukiipa LNB hiyo rejeo lenye kosa la sehemu moja katika bilioni kumi, kosa lote linabaki kama hezi moja.

Jambo la msingi la kuelewa ni kwamba osileta na GPS kila moja ina wakati wake wa kuaminiwa. Chukulia kwamba mpigo wa GPS unayumba kwa nanosekunde 10. Ukiulinganisha na osileta kwa sekunde moja, huwezi kujua masafa kwa ubora unaozidi sehemu moja katika milioni mia. Ukisubiri sekunde 1,000, mtikisiko ule ule unakupa sehemu moja katika bilioni mia. Na ukisubiri siku nzima, unapata ubora zaidi ya mara themanini ya huo. Osileta nzuri ya tanuri, kwa upande wake, tayari ina ubora wa sehemu moja katika bilioni mia, au zaidi, ndani ya sekunde moja, lakini kadiri siku zinavyopita inazeeka na kuhama. Kwa hiyo katika sekunde na dakika mwamini kwatsi, na katika saa na siku iamini setilaiti. Programu ya kurekebisha inayoikimbiza GPS kila sekunde inaichafua osileta kwa mtikisiko ambao haikuwa nao. Mimi huanza na kitanzi (mzunguko wa kulinganisha na kurekebisha) chepesi cha kama sekunde 100 ili mtambo ushike, kisha ninakipunguza kasi hadi sekunde mia kadhaa, na kwa osileta iliyotulia ninafika elfu moja na kuendelea.

Hapo ndipo joto linapoingia, kwa sababu ukitaka kitanzi kisubiri sekunde elfu moja, osileta lazima iweze kujisimamia kwa muda wote huo bila kusaidiwa. Tanuri ndani ya osileta huishikilia fuwele kwenye joto la kama nyuzi 80, lakini haiwezi kuficha kila kinachotokea nje. Ukichora grafu ya volti ya kurekebisha (ile ambayo programu huitumia kuisogeza osileta juu au chini kidogo) kwa siku nzima ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, utaliona jua likipanda na kushuka. Ukiiangalia kwa karibu zaidi utaona mambo madogo: mvua ya ghafla ya alasiri inalipoza bati, na baada ya muda mfupi mstari unainama, mtu anawasha feni, na mstari unapata vijimeno ambavyo havikuwepo. Feni ni adui mkubwa kuliko joto lenyewe, kwa kuwa osileta huvumilia nyuzi 33 zisizobadilika kwa urahisi kuliko nyuzi 27 zinazochezacheza kila dakika.

Dawa yake ni rahisi. Ifunge osileta kwenye kipande kinene cha alumini ili mabadiliko ya joto yaifikie polepole, kisha uiweke ndani ya kisanduku kilichofungwa ili hewa isitembee juu yake. Hapa nawaonya wanaofuata miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Miongozo hiyo husema uizungushie osileta povu jeupe nene, lile linalokuja na televisheni mpya. Tanuri linaweza kuongeza joto tu, haliwezi kupoza. Likizibwa sana katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, joto la kisanduku hupanda hadi tanuri likaacha kudhibiti, na osileta inaanza kuelea kama isiyo na tanuri kabisa. Pima mkondo wa umeme unaoingia kwenye osileta saa ile ambayo chumba kina joto kali kuliko zote. Ukikuta umeshuka sana na kubaki mdogo mno, punguza povu. Ukikuta bado inakula kiasi cha kutosha, tanuri lina nafasi ya kufanya kazi.

Kuhusu umeme, nashauri kwa mkazo betri ya volti 12 inayochajiwa muda wote, na baada yake regyuleta (vidhibiti volti) za kawaida zisizo za kukatakata umeme, moja kwa osileta na nyingine kwa kipokezi na mikrokontrola (kompyuta ndogo inayoendesha programu). Chaja ndogo za simu huleta kelele inayoonekana kama mistari midogo pembeni mwa megahezi 10, na kelele hiyo huongezeka kila unapozidisha masafa kufika gigahezi. Betri pia inakulinda na kukatika kwa umeme, jambo ambalo kwa osileta ya tanuri lina uzito wa pekee: ikizimika na kupoa, ikiwashwa tena hairudi mara moja pale ilipokuwa. Osileta iliyotoka dukani kwa barua baada ya kukaa kabatini huchukua siku, na nyingine majuma, kabla ya kutulia. Iwashe, uiache, wala usiihukumu katika siku za mwanzo.

Volti ya kurekebisha ndiyo sehemu ambayo wengi huipita haraka. Tuseme osileta yako inahama sehemu moja katika milioni kumi kwa kila volti. Mikrovolti 100 tu, ambazo regyuleta ya kawaida huzipoteza kwa badiliko dogo kabisa la joto, tayari ni sehemu moja katika bilioni mia. Osileta nyingi zina mguu unaotoa volti ya rejeo kutoka ndani ya tanuri lenyewe. Kama yako inao, utumie huo kulisha saketi ya kurekebisha. Ardhi ya saketi hiyo nayo iunganishwe kwenye mguu wa osileta wenyewe, si kwenye ncha ya mbali ya bodi, kwa sababu mkondo wa tanuri unapobadilika, waya wa ardhi nao hupata volti yake ndogo.

Kwa kipokezi, tafuta kilichotengenezwa kwa ajili ya muda. Kipokezi cha kawaida hupanga mpigo wake kwenye hatua za saa yake ya ndani. Kama saa hiyo ni ya megahezi 48, hatua moja ni karibu nanosekunde 21, na mpigo huruka huku na huku ukichora meno ya msumeno. Kuna nyakati meno hayo hulala upande mmoja kwa dakika kadhaa, na hapo kuchukua wastani hakusaidii. Kipokezi cha muda hutuma ujumbe unaosema kila mpigo umekosea kwa kiasi gani, nawe unaondoa kosa hilo kwenye programu. Faida yake nyingine ni kwamba kinaweza kupima mahali antena ilipo kwa saa nyingi, kisha kikakariri mahali hapo na kutumia setilaiti zote kutafuta muda tu.

Antena iwekwe juu ya bati, kamwe isiwe chini yake, na ionekane na anga yote kadiri inavyowezekana. Kebo za dishi za ohmu 75 zinafaa kabisa. Kila mita ya kebo huchelewesha mpigo kwa nanosekunde 4 hadi 5, lakini kwa anayetafuta masafa tu ucheleweshaji usiobadilika hauna madhara. Usisahau kinga ya radi mahali kebo inapoingia nyumbani.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, tabaka la ionosfia (hewa ya juu yenye chaji ya umeme, inayochelewesha mawimbi ya GPS) juu yetu ni zito na lenye vurugu, hasa baada ya jua kuzama katika miezi ya Machi na Septemba. Kipokezi cha masafa mamoja huweza kuyumba kwa makumi ya nanosekunde kati ya usiku na mchana. Nanosekunde 30 zikienea katika saa sita ni kosa dogo mno kwa masafa, na huna haja ya kulipia kipokezi cha masafa mawili kwa ajili hiyo. Anayetaka muda wenyewe uwe sahihi ndani ya nanosekunde chache ndiye anayekihitaji.

Suala la kupima halikwepeki. Kihesabu masafa kinachotumia rejeo ulilounda kitakuonyesha 10,000,000 kamili siku zote, na hakijakwambia kitu. Unahitaji chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza, na vikiwa vitatu ni bora zaidi, kwa sababu viwili vikitofautiana huwezi kujua kipi kimehama. Hapo ndipo kukutana na wenzako kuna thamani: kila mmoja alete kifaa chake kikiwa kimewashwa kwa betri njiani, mviweke mezani, mlinganishe usiku kucha.

Jambo la mwisho ni kwa wanaonunua vipokezi vya zamani. Hesabu ya wiki za GPS hujirudia kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Ukikuta kipokezi kinaonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini nyuma, usikitupe. Mpigo wake ni mzima. Ongeza siku 7,168 kwenye programu yako na tarehe itakaa sawa.